Kifungu cha Tisa

Waliutia saini ukumbini, mbali nasi:
kalamu mbili, bendera mbili zisizozidi kiganja,
maji ya chupa ambayo hakuna aliyeyanywa.
Tuliwaona kwenye simu ya Shalash, kioo chake kimepasuka,
ufa ukapita katikati ya mawaziri wawili
wakati ule ule waliposhikana mikono.
Tukacheka. Hatukujua bado nani anachekwa.

Kazi yetu ilikuwa hii:
lori la Yordani hurudi nyuma, lori la Iraki hurudi nyuma,
makalio kwa makalio kama punda waliogombana,
na sisi arobaini katikati, jangwani,
tukihamisha nyanya kreti kwa kreti
kutoka nchi hadi nchi. Hatua nne.
Miaka kumi na tisa nimezipiga hatua nne.
Ukiziunga moja kwa moja zingenifikisha mwisho wa dunia,
nami Ramadi sijaiona.

Upande huu ni bandora. Upande ule, tamata.
Nyanya ilibadili jina begani mwangu,
mahali fulani kati ya hatua ya pili na ya tatu,
na kwa kitambo kile kidogo
haikuwa na jina, ilikuwa na uzito tu.

Kifungu cha kwanza kinataja udugu.
Cha pili, udugu tena.
Cha tano, ushuru utashuka ngazi kwa ngazi
kama bibi anayeshika ukuta.
Cha tisa kina mstari mmoja na nusu:
*Magari ya mizigo yatavuka pasipo kupakua.*
Karani Ghadir, aliyetusomea, alikomea hapo,
akaifuta miwani isiyokuwa na uchafu.

Simlaumu mtu. Nyanya zile nazijua.
Mwezi wa Agosti, tatu katika kila kumi zilinifia mikononi,
maji yake yakinichuruzika mgongoni, mekundu,
hata siku moja Wadha, mke wangu, akapiga ukelele
akidhani nimepigwa risasi.
Mkulima wa Ghori aliulipia mgongo wangu,
na mlaji akaulipia mara ya pili.
Waliosema tunachelewesha walisema kweli.
Ila kweli haiivi ikaliwa.

Siku ya kwanza malori yalipita.
Yalipita tu.
Tulisimama tumevaa glovu.
Vumbi liliposhuka, Shalash alikuwa bado amekunja magoti,
tayari kuinua.

Nawash ndiye aliyefunga breki.
"Mutlak, panda. Kiti kitupu."
Nikamwambia sina cha kupakua.
"Basi panda usipakue."

Nilipanda. Nikahesabu hatua nne kwa macho,
zikaisha kabla hajabadili gia.
Baada yake barabara, barabara,
nguzo za umeme zisizo na waya,
mbwa mmoja aliyetutazama kama afisa wa forodha.
Nawash alisinzia kidogo, nikamwimbia vibaya makusudi.

Sokoni Ramadi, asubuhi.
Dinari yetu na dinari yao zina jina moja,
kama ndugu waliopishana bahati:
moja yetu kwa elfu na ushei zao.
Mama mwenye abaya iliyopauka aliiokota nyanya,
akaibonyeza kwa dole gumba, palepale
ambapo mimi ningebonyeza.
"Mbona bei imeshuka?"
"Mkataba," akajibu mwenye meza.
"Mkataba ndiye nani?"
Akaigeuza nyanya juani, akaitafuta kasoro, akaikosa.
"Zamani zilikuja na alama za vidole," akasema,
"kila moja. Sikumjua mwenye vidole,
lakini nilijua kuna mtu njiani."

Akapima kilo mbili. Akadai punguzo hata hivyo.
Nami nilikuwa kando yake, karibu kuliko kreti na kreti,
nimeificha mikono yangu mfukoni,
na mfuko wa kushoto, sikumbuki tangu lini,
umetoboka.